Nani Anashika Sufuria Baranja?

Soma miongozo kumi ya mahali pa kula vizuri Baranja na utakuwa umesoma mmoja. Kuna kijiji tulivu. Kuna bibi. Kuna mapishi yaliyotoka kizazi hadi kizazi, kuna mvinyo wa nyumbani, na kuna sentensi inayoapa kwamba watalii bado hawajagundua mahali hapa, imeandikwa na mtu ambaye kazi yake ni kuwaleta hao watalii. Mwisho kuna orodha ya migahawa mitano, majina ni yale yale, na picha ya sufuria nyeusi inayoning'inia juu ya moto. Nani anaishika hiyo sufuria? Hatuambiwi.

Baranja ni pembe ya kaskazini-mashariki mwa Kroatia, kati ya mto Drava na mto Danube, na juu yake ni mpaka wa Hungaria. Ukifikiria Kroatia unafikiria bahari ya bluu na mawe ya Dubrovnik. Hii ni nyingine kabisa. Ni mashamba ya mahindi na alizeti, vilima vyenye mizabibu, na kinamasi kikubwa cha Kopački rit, pale ambapo Drava inaingia Danube na maji yakijaa yanatandaa msituni. Mji mkubwa wa karibu ni Osijek, ng'ambo ya Drava. Chakula cha huku hakina uhusiano na bahari. Ni nguruwe, samaki wa mtoni na paprika, na kwa wingi.

Najua haya kwa sababu yamenilipia nyumba. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu nilianza kuandika miongozo ya safari kwa mteja ambaye sijawahi kuona uso wake, nikiwa kwa keja yangu Kahawa Wendani na intaneti ya kuungaunga. Maneno 1,200 kwa dola 15, pamoja na orodha ya maneno yasiyokosekana: "halisi", "siri", "kitamaduni". Sijawahi kufika Baranja, na mteja alilijua hilo kutoka siku ya kwanza. Alitaka maneno, nikampa maneno. Kisha kazi zikakauka, maana sasa kuna mashine inayoandika bibi na kijiji tulivu kwa sekunde nne, na haiitishi doo.

Mimi sikulia sana. Ila nilijiuliza swali moja ambalo bado linanikera: kama mashine inaweza kuandika aina fulani ya maandishi bila mtu yeyote kuona tofauti, je, hayo maandishi yalikuwa yanasema nini tangu mwanzo? Kwa hivyo nimerudi kuisoma miongozo ya Baranja, safari hii kama msomaji tu, kwa makini yale yale ambayo tunasomea riwaya. Watu huidharau kwa sababu ni maandishi ya kazi. Lakini mwongozo wa chakula unaamua pesa za mgeni zitaingia mfuko wa nani kijijini. Riwaya ngapi zinaweza kusema hivyo?

Tuanze na neno "halisi". Mwongozo ukisema chakula cha Baranja ni halisi, hebu uliza, halisi kwa kulinganisha na nini? Chukua mlo unaotajwa kwanza kila mahali, fiš paprikaš, mchuzi mwekundu wa samaki wa mtoni. Neno la kwanza limetoka Kijerumani. La pili ni la Kihungaria. Paprika yenyewe ni mmea wa Amerika uliofika sehemu hizi za Ulaya wakati dola ya Uthmaniya ilikuwa inatawala. Vita vya Mohács vya 1526, vilivyowafungulia Waturuki mlango wa Hungaria, vilipiganwa kaskazini kidogo tu ya hapo. Kijiji cha Suza, kinachosifiwa kwa mchuzi huu, wakazi wake wengi ni Wahungaria. Mgahawa mmoja maarufu wa hapo unaitwa Kovač čarda, na čarda ni neno la Kihungaria la hoteli ya kando ya barabara. Mwingine unaitwa Piroš čizma, yaani buti jekundu, Kihungaria tena kimeandikwa kwa herufi za Kikroatia.

Kwa hivyo sufuria moja ina Ujerumani, Hungaria, Uturuki na Amerika ndani yake, na inapikwa na watu wenye lugha mbili tatu mdomoni. Hilo ni jambo tamu kusoma. Lakini neno "halisi" linalifuta, kwa sababu kazi ya neno hilo ni kumhakikishia mgeni kwamba hakuna kitu kimewahi kuingia hapa kutoka nje isipokuwa yeye.

Neno la pili ni "bibi". Bibi wa miongozo hana jina, hana umri, halipwi. Anapika kwa upendo. Mimi nimemwandika bibi huyu mara nyingi, Baranja, Ureno, hadi kwenye milima ya Georgia, na popote alipokuwa alivaa aproni ile ile. Kinachonisumbua ni kwamba ukishamweka bibi kwenye ukurasa, hakuna haja ya kueleza anachofanya. Upendo unameza ujuzi. Na ujuzi wenyewe ndio wenye hadithi.

Angalia jinsi fiš paprikaš inavyopikwa. Samaki ni wa aina zaidi ya moja: kambare, na hasa šaran, ambaye ni spishi ile ile inayovuliwa Ziwa Naivasha na kuuzwa kando ya barabara, yule mnene ambaye watu wanamlalamikia miiba. Anakatwa vipande vizito. Vinaingia kwenye chungu cha chuma kinachoning'inia juu ya moto wa kuni, pamoja na vitunguu, maji, na paprika nyingi, tamu na kali. Kisha inakuja sheria inayomtenganisha mpishi na mgeni: hukorogi. Ukiingiza mwiko, samaki anavunjika na miiba inasambaa. Mpishi anashika mpini wa chungu na kukizungusha, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, mchuzi ujichanganye wenyewe. Unaliwa na tambi pana, mara nyingi za kukandwa kwa mkono.

Kitendo hicho kimoja, cha kushika chungu cha moto na kukizungusha badala ya kukoroga, kinaniambia zaidi kuhusu Baranja kuliko "kwa upendo" mia moja. Kinaniambia huyu mpishi anamjua samaki wake, na pia kwamba mtu huyo ana mkono wenye nguvu na pengine makovu ya kuungua. Kati ya miongozo niliyoisoma upya, ni michache sana iliyotaja jambo hili, na iliyolitaja ilifanya hivyo kupita tu, katikati ya sifa za mandhari. Mtu akiniuliza tofauti ya mwandishi mzuri wa chakula na mbaya, nitamwambia ahesabu vitenzi. Vivumishi havimlishi msomaji.

Kuna uvivu mwingine, na huu ni wetu sisi tunaoandika kutoka mbali: kutafsiri chakula kwa kukifananisha. Kulen, fahari ya eneo hili, ni nyama ya nguruwe iliyokatwakatwa, ikatiwa chumvi, kitunguu saumu na paprika, na kushindiliwa kwenye utumbo mpana wa nguruwe. Mkenya yeyote atashawishika kuandika "mutura ya Kroatia" na kuendelea na maisha yake. Ukiandika hivyo umemnyima msomaji kitu cha maana kuliko vyote kuhusu kulen, ambacho ni muda. Mutura ni ya leo jioni, pale kwa jiko, na kachumbari, na umesimama. Kulen huanza baridi ikiingia, wakati familia zinapochinja nguruwe. Inafukizwa moshi, inatundikwa, inakauka polepole miezi na miezi, ukungu mweupe unaota juu ya ngozi yake, na kwa desturi inakatwa majira ya joto yakifika. Umoja wa Ulaya unalilinda jina la kulen ya Baranja, kwamba si kila kiwanda kinaweza kulibandika kwa soseji yake.

Maana yake ni nini kwa mtu anayekula? Kwamba sahani ndogo ya kulen mwezi wa sita ni baridi ya mwaka uliopita imewekwa mezani. Mtu aliikadiria chumvi miezi kadhaa kabla hujazaliwa katika mipango yake kama mgeni, na kama alikosea hangejua hadi sasa. Ndio maana kwa kawaida ilikuwa ya kupewa mgeni wa heshima, na ndio maana bei yake ni ya juu. Mwongozo ukisema tu "usikose kuonja kulen tamu" umeiondoa miezi yote hiyo, halafu msomaji akiona bei anashangaa soseji gani hii inauzwa hivyo.

Sasa tufike kwa sentensi ninayoichukia kuliko zote: "Hapa muda umesimama."

Muda haukusimama Baranja. Mwaka 1991 eneo hili liliingia mikononi mwa jeshi la Yugoslavia na vikosi vya Waserbia, na maelfu ya wakazi, Wakroatia na Wahungaria pia, walifukuzwa au wakakimbia. Kopački rit, kinamasi kile cha picha za mitumbwi na ndege, kilitegwa mabomu ya ardhini. Umoja wa Mataifa ulisimamia eneo hili kuanzia 1996 hadi liliporudishwa kwa Kroatia Januari 15, 1998, bila vita vya pili. Wanajeshi wa Kenya walikuwa miongoni mwa walinda amani waliotumwa Kroatia miaka hiyo ya tisini. Kwa hivyo kuna baba na babu zetu, hapa hapa nchini, waliokula Kroatia kabla mwongozo hata mmoja wa intaneti haujaandikwa. Sijui kwa nini hakuna mhariri aliyewahi kuwaendea na swali rahisi: mlikula nini, na mlikula na nani?

Fikiria sufuria ile sasa. Mtu anayekupikia fiš paprikaš mwaka huu akiwa na umri wa miaka hamsini alikuwa kijana vita vilipoanza. Pengine aliondoka na begi moja akarudi miaka saba baadaye. Pengine alibaki na jirani yake akaondoka. Vijiji hivi vina Wakroatia, Waserbia na Wahungaria, na wote wanapika mchuzi huo huo. Sitaki kuigeuza hiyo kuwa hadithi ya sufuria iliyoleta amani, maana hiyo pia ni sentensi ya mteja wangu. Nasema tu kwamba watu waliokosana mpaka kufukuzana wamerudi kuuziana mvinyo, na mwongozo unaokwambia muda umesimama unakukataza kuliona hilo.

Kijiji cha Karanac kinafaa kusomwa kwa makini hapa. Mgahawa wa Baranjska kuća uko kwenye nyumba za zamani za wakulima, na nyuma yake wenyewe wamepanga karakana za kazi za mikono za zamani na kuziita Ulica zaboravljenog vremena, Mtaa wa Wakati Uliosahaulika. Mwanzoni niliicheka hiyo, nikaona ni utalii ule ule wa kuuza ukungu. Nilipoirudia nikaona ni tofauti. Wakati kusahaulika si sawa na wakati kusimama. Kusahau kunahitaji mtu anayesahau. Jina hilo linakubali kwamba mhunzi na mfuma vikapu wamepotea, na kwamba kuna mtu aliamua kuwakumbuka, kisha akakupangia bili. Nauheshimu uaminifu huo. Waandishi wa miongozo walichukua jina lenye huzuni wakaandika juu yake sentensi isiyo na huzuni yoyote.

Na wanaondoka bado. Kroatia ilijiunga na Umoja wa Ulaya Julai 1, 2013, na vijana wengi wa upande huu wa mashariki wakachukua njia ya Ujerumani, Austria na Ireland. Kaunti ya Osijek-Baranja ilikuwa na watu zaidi ya 305,000 kwenye sensa ya 2011. Sensa ya 2021 ilihesabu kama 258,000. Manze, hiyo ni karibu mtu mmoja kati ya sita, kwa miaka kumi. Kwingineko nchini, hasa pwani, hoteli na migahawa imejaza pengo kwa wafanyakazi kutoka Nepal, India na Ufilipino. Swali la nani anashika sufuria sasa si la kifasihi tena. Ni la ajira. Anayekuja kujifunza kuzungusha chungu bila kukoroga anaweza kuwa kijana wa Kathmandu, na ikiwa atakipika vizuri, je, mwongozo utakiita halisi?

Mimi nataka utakiita. Hapo ndipo ubishi wangu na aina hii ya maandishi ulipo. Inafanya ladha kuwa mali ya damu wakati ni mali ya mkono uliofundishwa. Sisi vijana wa Nairobi tunalielewa hili bila kufafanuliwa, kwa sababu sahani zetu tunazoziita za nyumbani zinapikwa kwa kibandaski na mtu kutoka kaunti nyingine kabisa, na hatujawahi kumwomba kitambulisho.

Kuna mtu atanijibu: wacha maneno mengi, mimi nina siku mbili na gari la kukodi, niambie tu nile wapi. Hilo ni jibu zuri, na orodha ni kitu cha unyenyekevu ambacho nakipenda. Orodha mbaya inatoa jina na sifa. Orodha nzuri inatoa jina, mlo, msimu na sababu. Basi wacha nijaribu moja, kwa maneno machache, na bila bibi.

Suza ni ya fiš paprikaš, Kovač čarda ikiwa ya kwanza kwa sifa. Nenda na wenzako na msiwe na haraka. Vaa shati usilolipenda sana, paprika haitoki. Kopačevo, kijiji kilicho kwenye ukingo wa kinamasi, ni cha samaki pia, na Didin konak ni jina la kulijua. Huko uliza šaran u rašljama: samaki mzima anapasuliwa, anatandazwa kwenye tawi lenye pande mbili, na tawi linachomekwa ardhini kando ya moto, si juu yake. Anaiva polepole kwa joto la ubavuni huku mafuta yakidondoka, na ngozi inakauka bila kuungua. Ukimpata kila siku saa yoyote, shuku.

Zmajevac ni ya mvinyo. Vilima vya hapo ni vya udongo laini wa manjano ulioletwa na upepo zamani sana, na watu wamechimba humo ndani mapango ya kuhifadhia mvinyo, kando ya vijia vinavyoitwa surduk. Mgahawa wa Josić uko kwenye moja ya njia hizo na unatengeneza mvinyo wake. Agiza graševina, mvinyo mweupe mkavu ambao ndio wa kila siku huku, na perkelt ya kambare, mchuzi mzito wa paprika kwenye tambi zenye jibini. Karanac ni ya kulen na ya čobanac, mchuzi wa wachungaji wenye nyama za aina kadhaa pamoja. Kama huli nguruwe, Baranja haitakuacha na njaa, mito miwili inakulinda, lakini uliza mapema, kwa sababu tambi za perkelt mara nyingi hunyunyiziwa vipande vya nyama ya nguruwe juu na hakuna atakayefikiria kukuambia.

Orodha yangu ina vijiji vinne na haijasema "siri" popote. Pia ingemkasirisha mteja wangu wa zamani, kwa sababu maneno yake hayamo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kijana wa Kahawa Wendani asumbuke hivi na chakula ambacho huenda asikile. Kroatia iliingia eneo la Schengen Januari 1, 2023, na sote tunajua foleni ya viza ya Schengen inavyomchuja Mkenya asiye na barua ya mwajiri wala digrii. Jibu langu ni kwamba kusoma kuhusu chakula cha mbali ni haki yangu kama kusoma kuhusu mapenzi ya mbali. Nimesoma riwaya za miji ambayo sitawahi kuiona na hakuna aliyeniuliza pasipoti. Ninachodai kutoka kwa mwongozo ni kile kile ninachodai kutoka kwa riwaya: kwamba mtu aliye ndani yake afanye kitu, na nimwone akikifanya.

Kwa hivyo anayeandika mwongozo ujao wa Baranja, awe mtu, awe mashine, nina ombi moja dogo. Ukifika kwenye picha ya sufuria inayoning'inia juu ya moto, usisifu moshi. Inua kamera kidogo, utuonyeshe mikono inayoizungusha, na utuambie ni ya nani na analipwa ngapi.